Vali Ikivuja, Chunguza na Mishipa: Mwongozo wa Moyo wa Mbwa kwa Wafugaji wa Kapsokwony, Kitale na Bungoma

Mbwa mzee akianza kukohoa usiku, wengi wetu husema ni baridi ya mlima. Akibaki nyuma ng'ombe wakipelekwa malishoni, tunasema umri umemlemea. Pengine ni kweli. Lakini mbwa wa miaka minane au kumi anayekohoa kila usiku, anayehema hata akiwa amelala, au anayeanguka ghafla anapokimbilia lango, huenda ana ugonjwa wa vali ya moyo. Ugonjwa huo hauponi, ila una dawa zinazomwongezea mbwa miezi na hata miaka ya maisha mema, mradi ugunduliwe mapema.

Mwongozo huu ni wa wenye mbwa wa Kapsokwony na vijiji vya Mlima Elgon, pamoja na wenzao wa Kitale, Kimilili na Bungoma. Unasisitiza jambo moja: moyo usipimwe peke yake. Vali ikivuja, mishipa ya damu ndiyo inayoamua moyo utabeba mzigo mkubwa kiasi gani, na mishipa hiyo hutoa dalili ambazo mwenye mbwa anaweza kuzisoma kwa vidole, macho, saa na daftari kabla hajafika kwa daktari mwenye mashine.

Ugonjwa wenyewe

Moyo wa mbwa, kama wa binadamu, una vyumba vinne na vali nne. Vali ni mlango unaofunguka upande mmoja tu: damu ikishapita, mlango unajifunga ili isirudi ilikotoka. Vali inayoharibika zaidi kwa mbwa ni ile ya mitrali, iliyo upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini. Kingo zake hunenepa, hupinda na kulegea kidogo kidogo kwa miaka, hata zisikutane tena sawasawa. Kila moyo unapodunda, sehemu ya damu iliyopaswa kwenda mwilini hurudi chumba cha juu.

Huu ndio ugonjwa wa moyo unaowapata mbwa wengi kuliko mwingine wowote: takriban robo tatu ya mbwa wenye maradhi ya moyo wana huu. Unawashika zaidi mbwa wadogo, wa chini ya kilo 20, hasa wakishafika utu uzima, na madume kuliko majike. Aina iitwayo Cavalier King Charles Spaniel hurithi ugonjwa huu na huanza kuugua mapema kuliko mbwa wengine. Mbwa wa kienyeji wanaolinda boma na shamba la mahindi hawako katika hatari kubwa kiasi hicho, lakini hawana kinga. Na siku hizi, katika nyumba za Kitale na Bungoma mjini, mbwa wadogo wa manyoya mengi wamekuwa wengi. Hao ndio wa kuangaliwa kwanza.

Madaktari wa moyo wa wanyama duniani hutumia hatua zilizopangwa na chuo cha Marekani cha madaktari bingwa wa tiba ya ndani ya wanyama, ambazo zilirekebishwa mwaka 2019. Hatua A ni mbwa wa aina iliyo hatarini ambaye bado hana kasoro. Hatua B1 ni mbwa mwenye vali inayovuja ilhali moyo wake haujapanuka kiasi cha kuhitaji dawa. Hatua B2, moyo umepanuka lakini mbwa bado anacheza na kula. Hatua C, moyo umeshindwa na maji yamewahi kujaa mapafuni. Hatua D, dawa za kawaida hazitoshi tena. Hatua ambayo ugunduzi una faida kubwa kuliko zote ni B2, na ndiyo wengi wetu tunayoikosa kwa sababu mbwa anaonekana mzima.

Kwa nini mishipa ni nusu ya habari

Damu inaporudi nyuma, kiasi kinachofika mwilini hupungua. Mwili husoma upungufu huo kana kwamba mbwa amevuja damu nje. Neva huharakisha mapigo ya moyo, figo huzuia chumvi na maji, na mishipa ya ateri hukazwa ili presha isishuke. Kwa mbwa aliyejeruhiwa na nguruwe mwitu, hatua hizo zinaokoa uhai. Kwa mbwa mwenye vali mbovu, zinamdhuru polepole, kwa sababu mishipa iliyokazwa huuwekea moyo upinzani mbele, na damu hufuata njia rahisi: hurudi nyuma kwa wingi zaidi kupitia vali inayovuja. Uvujaji unakaza mishipa, na mishipa iliyokazwa inaongeza uvujaji.

Ndani ya kila mshipa kuna utando mwembamba wa seli. Zamani ulidhaniwa kuwa ngozi ya ndani tu isiyo na kazi kubwa. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Marekani alionyesha kwamba kipande cha mshipa hulegea kikipewa kemikali fulani iwapo tu utando huo haujakwaruzwa. Baadaye ilijulikana kwamba utando hutoa gesi ya oksidi ya nitriki, nayo huamuru misuli ya mshipa ilegee. Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998 kwa kazi hiyo. Utando ukiwa mzima, mshipa hupanuka damu inapopita kwa kasi. Ukichoka, mshipa hubaki mgumu. Ndiyo maana watafiti wa mbwa wanataka kujua: mbwa ambaye vali yake inavuja, utando wa mishipa yake uko hali gani?

Kabla ya kufika kwenye kipimo ambacho watafiti hukitumia kujibu swali hilo, tuanze na vile unavyoweza kuvifanya wewe mwenyewe.

Vipimo vinne vya nyumbani

*Pumzi za usingizini.* Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, na hakigharimu hata shilingi. Subiri mbwa alale fofofo mahali penye hewa ya kawaida, asiwe juani wala karibu na jiko. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30 ukitumia saa ya simu, kisha zidisha kwa mbili. Mbwa mzima, na hata mwenye ugonjwa wa vali uliodhibitiwa, huvuta pumzi chini ya 30 kwa dakika akiwa usingizini. Zikizidi 30 mara kwa mara, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Zikizidi 40, usingoje kuche. Pumzi huongezeka kabla mbwa hajaonyesha dalili nyingine, kwa kuwa presha ya mishipa ya mapafu imepanda na maji yameanza kupenya. Hesabu kila siku wiki ya kwanza ili ujue kawaida yake, halafu mara mbili au tatu kwa wiki.

*Ufizi.* Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha achilia. Rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, damu haifiki vizuri kwenye mishipa midogo. Ikiwa ufizi wa mbwa wako ni mweusi kwa asili, tumia upande wa ndani wa mdomo au kope ya chini ya jicho. Angalia pia rangi yenyewe: waridi ni heri, weupe ni dalili ya upungufu wa damu, na ubuluu ni dharura.

*Mapigo ya paja.* Mbwa akiwa amesimama, pitisha mkono nyuma yake, uweke ncha za vidole viwili au vitatu upande wa ndani wa paja, juu kabisa karibu na kinena. Usikandamize. Utahisi ateri ikigonga. Hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Mbwa mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 140 kwa dakika, na wadogo huelekea juu. Sasa weka kiganja cha mkono wa pili upande wa kushoto wa kifua, nyuma ya kiwiko. Kila mdundo wa moyo lazima ufuatwe na pigo pajani. Moyo ukidunda bila pigo kufika, mdundo huo haukusukuma damu ya kutosha, na hilo ni la kumwambia daktari.

Usishtuke ukikuta mapigo yanaenda haraka mbwa anapovuta hewa na polepole anapoitoa. Kwa mbwa aliyetulia hiyo ni kawaida na ni ishara njema. Moyo unaposhindwa, mabadiliko hayo hupotea na mapigo huwa ya haraka mfululizo. Ukimjua mbwa wako alivyo akiwa mzima, utayaona mapema.

*Shingo na tumbo.* Lowesha kidogo manyoya ya shingo uyalaze, kisha tazama mfereji ulio pembeni ya koo mbwa akiwa amesimama na kichwa kikiwa katika mkao wa kawaida. Mshipa mkubwa wa vena hapo haupaswi kuonekana umevimba. Ukionekana umejaa, au tumbo likiwa limejaa maji huku mgongo na mbavu vikikonda, upande wa kulia wa moyo umelemewa. Mara nyingi chanzo ni presha kubwa katika mishipa ya mapafu, ambayo ni tatizo la vali ya kushoto lililohamia upande wa pili.

Kliniki: unachopaswa kuomba

Daktari ataanza na stetoskopu. Mvumo wa vali ya mitrali husikika zaidi upande wa kushoto, chini, nyuma ya kiwiko, nao hupewa daraja kati ya 1 na 6. Daraja la 5 na la 6 hutikisa kifua kiasi kwamba kiganja chako kinahisi mtetemo. Uliza wazi: "Daktari, mvumo huu ni wa daraja gani, na uko upande gani?" Andika jibu. Mwaka ujao utalilinganisha.

Kisha omba presha ipimwe. Hiki ndicho kipimo cha mishipa kinachoachwa zaidi katika kliniki zetu, na si kigumu. Mbwa akae mahali patulivu dakika 5 hadi 10, ikiwezekana wewe ukiwa naye. Mkanda hufungwa mguu wa mbele au mkiani, na upana wake uwe asilimia 30 hadi 40 ya mzunguko wa sehemu inapofungwa. Mkanda mpana mno huonyesha presha ya chini isiyo ya kweli, na mwembamba mno huipandisha. Sehemu iliyofungwa iwe usawa wa moyo. Somo la kwanza huachwa, kisha huchukuliwa masomo matano hadi saba yanayokaribiana na kutafutwa wastani. Mashine ya kielektroniki ya binadamu ya kufunga mkononi haikutengenezwa kwa mguu wa mbwa, na nambari zake zinaweza kukupotosha.

Nambari ya juu ya presha ya mbwa mzima kwa kawaida huwa chini ya milimita 140 za zebaki. Kati ya 140 na 159 inafuatiliwa. Kuanzia 160 macho, figo, ubongo na moyo viko hatarini, na kuanzia 180 hatari ni kubwa. Chini ya 90 ni presha ndogo, ambayo huonekana moyo ukiwa umedhoofika sana au dawa zikiwa zimezidi. Mbwa mwenye presha kubwa pamoja na vali inayovuja ana mzigo juu ya mzigo. Mara nyingi presha hiyo hutokana na ugonjwa wa figo au wa homoni, kwa hiyo chanzo chake kitafutwe.

Picha ya eksirei ya kifua huonyesha ukubwa wa moyo, maji mapafuni, na iwapo chumba cha juu cha kushoto kimeinua njia ya hewa na kuleta kikohozi. Kuna hesabu ya kulinganisha urefu na upana wa moyo na pingili za uti wa mgongo. Ikizidi pingili 10.5, moyo wa mbwa wengi umepanuka, ingawa aina chache zina moyo mkubwa kwa asili.

Ultrasaundi ya moyo ndiyo inayothibitisha. Daktari hupima chumba cha juu cha kushoto akikilinganisha na upana wa ateri kuu, aota. Uwiano ukifika 1.6, na chumba cha chini nacho kikiwa kimepanuka, mbwa mwenye mvumo wa daraja la 3 au zaidi anaingia hatua B2. Ultrasaundi hiyo hiyo hupima kasi ya damu inayorudi kwenye vali ya upande wa kulia, na kwa kasi hiyo daktari hukadiria presha ya mishipa ya mapafu.

Kwa mbwa wa Kapsokwony, kipimo hicho maana yake ni safari. Hospitali ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, na Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, nacho kina kitivo cha tiba ya wanyama. Kabla ya kulipa nauli, piga simu uulize mambo mawili: kama kuna daktari anayepima moyo wa mbwa kwa ultrasaundi, na kama mashine inafanya kazi wiki hiyo. Beba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa na daftari la pumzi. Ikiwa safari haiwezekani, eksirei, presha na hesabu ya pumzi kwa pamoja vinaweza kumwongoza daktari wa karibu kufanya uamuzi wa maana.

Kipimo cha utando wa mshipa

Watafiti hupima utando wa ndani wa mshipa kwa njia iliyoanzia kwa binadamu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mbwa hulazwa kwa ubavu, bila dawa ya usingizi inapowezekana. Ultrasaundi huwekwa upande wa ndani wa mguu wa mbele na ateri hupimwa upana. Mkanda wa presha hujazwa hewa mpaka damu isimame kwa takriban dakika 5, kisha hufunguliwa ghafla. Damu hurudi kwa kasi, na utando ulio mzima huamuru mshipa upanuke. Baada ya dakika moja hivi upana hupimwa tena. Tuseme ulikuwa milimita 2.0 ukawa 2.2: umepanuka kwa asilimia 10. Ukipanuka kidogo tu, utando umechoka.

Mbwa aina ya Cavalier ndio waliochunguzwa zaidi, wakiwemo wa Copenhagen, Denmark, na matokeo yameelekeza kwamba kadiri ugonjwa wa vali unavyokuwa mkubwa ndivyo upanukaji wa mshipa unavyopungua. Hilo linalingana na mantiki tuliyoieleza: vali na mishipa huugua pamoja.

Lakini hiki bado ni kipimo cha utafiti. Tofauti anayoitafuta mpimaji ni sehemu ndogo ya milimita. Woga wa mbwa, umri, uzito, mahali mkanda ulipofungwa na ustadi wa mkono vyote hubadilisha nambari. Hakuna dawa inayoanzishwa au kusimamishwa kwa sababu ya kipimo hiki pekee. Mtu akikudai fedha nyingi akisema bila hicho mbwa wako hawezi kutibiwa, kataa. Fedha hizo zipeleke kwenye presha, eksirei na ultrasaundi ya moyo.

Magonjwa ya huku kwetu yanayojifanya vali

Vitabu vingi vya moyo wa mbwa vimeandikwa kwa ajili ya miji ya Ulaya na Marekani. Katika boma la Mlima Elgon, lenye ng'ombe, kuku na kupe, daktari mwangalifu hutafuta kwanza mambo mengine.

Upungufu wa damu ndio wa kwanza. Kupe huleta babesia na erlikia, na minyoo ya safura hunyonya damu ya watoto wa mbwa mpaka ufizi ukawe mweupe. Damu ikipungua sana huwa nyepesi na kupita kwa kasi, na moyo wenye vali nzima kabisa unaweza kutoa mvumo. Mbwa kama huyo hahitaji dawa za moyo. Anahitaji kipimo cha damu, dawa ya ugonjwa wa kupe na ya minyoo, na mvumo wenyewe unaweza kutoweka. Kwa mbwa aliyetoka mabonde ya Busia na Teso, kwenye mbung'o, malale nayo itafutwe, hasa macho yakiwa na ukungu.

Wa pili ni mnyoo aitwaye Spirocerca lupi, ambaye kuwapo kwake kwa mbwa wa Kenya kumeandikwa angalau tangu miaka ya 1960. Huyu ni adui wa mishipa waziwazi. Mbwa humpata akila tuta, wale mende wanaoviringisha mavi ya ng'ombe, au akila kuku, mjusi au panya aliyewala. Viluwiluwi hutoboa tumbo, hufuata ukuta wa ateri hadi kwenye aota, hukaa humo kwa takriban miezi mitatu wakiukwaruza, kisha huhamia kwenye umio na kuota vinundu. Mbwa hucheua chakula, hudondokwa mate, hukonda. Wengine hufa ghafla aota inapopasuka, na jirani husingiziwa sumu. Vinundu vingine hugeuka saratani. Daktari huweza kuuona ugonjwa huu kwa eksirei, kwa kamera ya kuingizwa kooni au kwa mayai kwenye kinyesi, na ukiwahiwa una dawa. Kinga ni kutomtupia mbwa matumbo mabichi ya kuku, kuzoa samadi, na kumpa dawa za minyoo kwa ratiba ya daktari.

Wa tatu ni bakteria wanaoivamia vali yenyewe. Mbwa huwa na homa, huchechemea leo mguu huu kesho ule, na mvumo hutokea ghafla pale ambapo haukuwapo. Huyu ni mgonjwa wa dharura, na anahitaji dawa za kuua bakteria kwa wiki nyingi.

Dawa na matunzo

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa EPIC uliofuata mbwa 360 wa hatua B2. Waliopewa pimobendani walikaa takriban miezi 15 zaidi kabla ya moyo kushindwa, wakilinganishwa na wasiopewa. Dawa hiyo huuongezea moyo nguvu na wakati huo huo hulegeza mishipa, hivyo kuupunguzia moyo upinzani wa mbele. Haifai kwa mbwa wa B1, na ndiyo sababu ukubwa wa moyo lazima upimwe kwanza.

Maji yakishaingia mapafuni, furosemidi huongezwa kuyatoa, pamoja na benazeprili au enalaprili na spironolaktoni kuzuia ule mwito wa mwili wa kukaza mishipa na kulimbikiza chumvi. Dozi huamuliwa na daktari kwa uzito wa mbwa na hali ya figo. Furosemidi ya binadamu ni ya kemikali ile ile, lakini ukimkadiria mwenyewe utamkausha maji na kumharibia figo. Kamwe usimpe diklofenaki, ibuprofeni au parasetamoli uliyonunua dukani, hata kama anaonekana ana maumivu.

Nyumbani, ugali wake usichanganywe na mchuzi wa chumvi wala supu ya nyama choma. Mpe protini ya kutosha, kama yai, nyama isiyo na chumvi au dagaa waliooshwa vizuri, kwa kuwa mbwa wa moyo anayekonda hufa mapema kuliko anayebaki na misuli. Akikohoa, mfunge mkanda wa kifuani badala ya kamba ya shingoni. Matembezi mafupi ya kila siku ni mazuri, ila kukimbiza nyani kwenye mahindi amwachie mbwa kijana. Usimpandishe Chepkitale, juu ya msitu wa mianzi, hata kama miaka yote alikuwa akifuata mifugo huko. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo, nayo hukaza mishipa ya mapafu, na moyo wake hauna akiba ya kukabili mzigo huo.

Dharura na safari

Mpeleke mara moja akihema kwa mdomo wazi akiwa amepumzika, akinyoosha shingo na kupanua viwiko ili apate hewa, ufizi ukiwa wa buluu, akizimia, au akitoa povu lenye rangi ya waridi. Ukiteremka Kimilili kuelekea Bungoma, au ukipitia Kamukuywa kwenda Kitale, piga simu njiani ili daktari akusubiri.

Mbwa anayekosa hewa asitiwe kwenye gunia juu ya bodaboda, wala asifungwe mdomo kwa kamba kama anaweza kudhibitiwa bila hiyo, maana anahitaji kuhema. Mbebe akiwa amelala kifudifudi, ndani ya kikapu kipana au garini, kichwa kikiwa huru. Usimlaze chali, usimmwagie maji mdomoni, na usimlazimishe kutembea.

Thibitisha kwamba anayemtibu amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, ambayo chini ya sheria ya mwaka 2011 husajili madaktari na wasaidizi wao. Muuzaji wa agroveti anaweza kuwa mtu mwema na mzoefu, lakini kuuza dawa si sawa na kuupima moyo.

Daftari, na deni la kaunti

Fungua daftari leo. Juu ya ukurasa andika umri na uzito wa mbwa. Chini yake weka safu tano: tarehe, pumzi za usingizini, mapigo ya paja, rangi ya ufizi na kasi ya kurudi kwake, na maneno machache kuhusu kikohozi na hamu ya kula. Daktari akipima presha au kutaja daraja la mvumo, ongeza. Mistari kumi ya namna hiyo humwambia daktari mambo ambayo dakika kumi za uchunguzi hazitamwambia, kwa sababu mbwa mwenye woga mezani si mbwa yule wa nyumbani.

Upande wa pili, Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti huduma za mifugo, pamoja na ustawi wa wanyama na utoaji wa leseni za mbwa. Mkanda wa presha wa saizi ya mbwa ni kifaa kidogo kinachoingia katika mkoba wa daktari, na kinatumika pia kwa mbwa wenye figo mbovu na wanaofanyiwa upasuaji. Kila kituo cha mifugo cha Bungoma na Trans Nzoia kingepaswa kuwa nacho. Vikao vya maoni kuhusu bajeti ya kaunti viko wazi kwa wananchi, na wenye mbwa wana haki ya kusimama humo na kukitaja kifaa hiki kwa jina, pamoja na mafunzo ya kukitumia. Mbwa analinda mifugo ambayo kaunti inaihesabu kila mwaka. Kumpima moyo na mishipa ni sehemu ya kuilinda mifugo hiyo, na ni haki yake kwa kazi anayoifanya.